Kabla Hujamkabidhi Mtu Kiwanja Chako: Mambo ya Kujua Kuhusu Mkandarasi Aliyesajiliwa

Swali la kwanza tunaloulizwa na wateja wengi ni hili: nyumba ya vyumba vitatu mnajenga kwa shilingi ngapi? Tunalielewa, kwa sababu pesa ya ujenzi haiokotwi. Lakini bei ambayo mtu anakutajia kwenye simu, hajaona ramani wala hajakanyaga kiwanja, haina maana yoyote. Kabla ya bei uliza kwanza pesa yako unampa nani, na ni kitu gani kitakachomfunga asikukimbie nyumba ikiwa nusu.

Tanzania Bara, anayefanya biashara ya ukandarasi anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Bodi huwasajili makandarasi kwa aina ya kazi: majengo, kazi za barabara na miundombinu, umeme, mitambo, na kazi maalumu. Kwa majengo kuna madaraja saba, la kwanza likiwa kubwa kuliko yote. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya mradi ambao mkandarasi anaruhusiwa kuuchukua. Nyumba ya kawaida ya familia haihitaji mkandarasi wa daraja la kwanza. Wa daraja la sita au la saba mara nyingi anatosha kabisa, na gharama zake za uendeshaji ni ndogo. Cha msingi ni kwamba thamani ya nyumba yako isivuke kikomo chake, na usajili wake uwe wa majengo. Kampuni iliyosajiliwa kujenga barabara haijathibitishwa na Bodi kukujengea nyumba, hata kama ina magari mazuri.

Usiridhike na cheti kilichobandikwa ukutani. Chukua namba ya usajili, kisha hakikisha mwenyewe kwenye tovuti ya Bodi au kwa kwenda ofisini kwao. Tazama kama usajili bado uko hai, maana makandarasi hulipa ada kila mwaka na wasiotimiza masharti hufutwa. Halafu linganisha majina. Jina lililo kwenye usajili liwe lilelile lililo kwenye mkataba, kwenye risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na kwenye akaunti ya benki unayoambiwa uweke pesa. Hapa wengi ndipo wanapoumia. Kuna watu wanaotembea na cheti cha kampuni ya mwingine, wamekiazima au wamelipia kukitumia, na siku mambo yakiharibika kampuni ile inasema haikujui. Ukiambiwa "tuma tu kwenye namba yangu ya simu, kampuni ni ya kaka yangu", simama hapohapo. Omba kuonana na mkurugenzi na fundi sanifu au mhandisi wa kampuni, na uombe kupelekwa kwenye nyumba mbili tatu walizojenga. Zungumza na wenye nyumba hizo mkandarasi akiwa hayupo.

Wapo wanaosema usajili ni mambo ya maghorofa. Ni kweli kwamba maghorofa ndiyo yanayotangazwa. Taifa zima liliona jengo la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024, na kabla yake lile la mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, ambalo liliua zaidi ya watu 30. Nyumba ya chini haitangazwi. Inapasuka ukuta kimyakimya, jamvi (sakafu ya zege) linatitia, maji yanapanda ukutani, na mwenye nyumba anaendelea kupiga rangi juu ya nyufa mwaka hadi mwaka. Sehemu zenye udongo wa mfinyanzi mweusi, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, msingi wa kukisia hauchukui muda kukuumbua. Mkandarasi anayejua kazi ataanza kwa kuuliza habari za udongo na njia ya maji ya mvua kabla hajaanza kuhesabu tofali.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze bei, tena kwa BOQ. Huu ni mchanganuo unaoonyesha kila kazi, kiasi chake na gharama yake: zege la msingi ni mita za ujazo ngapi na kwa mchanganyiko upi, nondo za ukubwa gani na uzito gani, bati za geji (unene) gani. Uandaliwe na mkadiriaji majenzi kutokana na ramani, kisha makandarasi wawili au watatu waujaze bei kila mmoja kivyake. Bila hivyo unalinganisha namba zisizohusiana, kwa sababu mmoja ameweka karo la maji machafu na mwingine hakuliweka, mmoja amehesabu kodi na mwingine ameiacha. Mwenye bei ya chini mno muulize amepunguza wapi. Mara nyingi amepunguza kwenye nondo na saruji, vitu vinavyofunikwa na havionekani tena. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ukiipima ukapata kilo 8, umeuziwa nyembamba kwa jina la nene.

Sasa malipo, na hapa tunaomba usome polepole. Usitoe nusu ya pesa siku ya kusaini. Malipo ya awali yawepo, kwa sababu mkandarasi anahitaji kuanza, lakini yawe madogo na yakatwe kidogokidogo kwenye malipo yanayofuata. Yaliyobaki yafuate kazi iliyokamilika: msingi na jamvi, kuta hadi lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, kisha plasta, mabomba na umeme, na umaliziaji. Kila hatua ikaguliwe kabla ya kulipwa. Kwenye kila malipo zuia asilimia 5 hadi 10. Nusu ya kiasi hicho utaitoa siku unapokabidhiwa nyumba, nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, ambacho huwa miezi 6 au 12. Sisi tunawashauri wateja wachague muda utakaopitisha masika moja. Bati linalovuja na msingi unaotitia hujulikana mvua ikinyesha. Mkandarasi anayekasirika kwa sharti hili anakuambia jambo muhimu kuhusu kazi yake.

Mkataba pia useme kazi za nyongeza zinaingiaje. Ukiwa saiti ukasema "hapa niwekeeni dirisha jingine", umeongeza gharama. Iandikwe, ipewe bei na isainiwe kabla fundi hajagusa ukuta. Ugomvi mwingi tuliouona kati ya wateja na wajenzi umeanzia kwenye maneno ya mdomo ya namna hii, tena pande zote mbili zikiwa na nia njema.

Kwa ndugu zetu mlioko Muscat, Doha, London au Houston mnaojenga nyumbani, hili linawahusu zaidi. Picha za WhatsApp hazionyeshi kina cha msingi wala idadi ya ringi (vyuma vinavyofunga nondo) ndani ya nguzo. Mlipeni mhandisi au mkadiriaji asiyehusiana na mkandarasi, awe anakagua kila hatua na kutoa hati ndipo mlipe. Tunajua wengi wenu mnamkabidhi shemeji au mjomba kazi ya kusimamia. Ukimwachia ndugu mamilioni bila mkataba wala vipimo, unamweka mahali pagumu hata akiwa mwaminifu, kwa sababu hatakuwa na kitu cha kumwonyesha mkandarasi anapotaka kumkatalia. Makaratasi yanalinda nyumba, na yanalinda udugu.

Kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kiwe tayari kabla ya kuchimba. Ukianza bila hicho, alama nyekundu ya X, yaani bomoa, inaweza kuandikwa ukutani wakati tayari umefika kwenye lenta. Muulize pia mkandarasi kama amesajili mradi wako CRB, na bango lenye majina ya wahusika lisimame saiti.

Kazi ikianza, tuachie na muda. Zege linahitaji kumwagiliwa maji angalau siku saba, na nguvu yake ya usanifu hupimwa kwa siku 28. Mteja anayetusukuma tufungue mbao za lenta mapema ili ahamie kabla ya sikukuu tunamkatalia kwa heshima, na tutaendelea kumkatalia.

Si kila kazi inahitaji mkandarasi. Kupaka rangi, kubadilisha vigae vya bafuni, kurekebisha kabati, fundi mzuri wa mtaani anakutosha, na nchi hii imejengwa kwa mikono ya mafundi hao. Hata sisi tunafanya kazi nao kila siku. Ila kazi ikigusa msingi, nguzo, lenta au paa, tafuta mtu ambaye Bodi inaweza kumwita na kumuuliza.

Ukitaka kuanza nasi, njoo na nakala ya hati au barua ya kiwanja, ramani kama ipo, na kiasi ulichonacho bila kukificha, ili tukuambie kitafika hatua gani. Tutakupa namba yetu ya usajili siku hiyohiyo. Nenda kaihakiki kwanza. Ukimaliza, tutakwenda pamoja kiwanjani na kuchimba shimo la majaribio kutazama udongo.