Barua ya malalamiko: Mama alipitishwa Mji Mkongwe mbio, akapanda boti bila mizigo yake

Fuoni, Unguja

Kwa Meneja,
Kampuni ya matembezi na kufikisha abiria bandarini

Assalaam alaykum Ndugu Meneja,

YAH: MATEMBEZI YA MJI MKONGWE NA KUFIKISHWA BANDARINI MALINDI, JUMAMOSI ILIYOPITA

Mimi ni mteja wenu. Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuja ofisini kwenu nikalipa shilingi 210,000 za watu watatu: mama yangu mzazi, binti yangu wa miaka 12, na mimi mwenyewe. Karatasi mliyonipa ninayo mbele yangu ninapoandika. Inasema gari litatufuata nyumbani saa 4 asubuhi, mizigo itawekwa ofisini kwenu, tutatembezwa mjini mpaka saa 8 na kupewa chakula cha mchana, na ifikapo saa 9 kamili mama atakuwa getini Malindi na mizigo yake, tayari kwa boti ya Dar es Salaam ya saa 10 jioni. Katika yote hayo kilichopatikana ni chakula, nacho tulikila ndani ya gari lililosimama kwenye foleni.

Naomba kwanza mjue mliyempakia ni nani. Mama ana miaka 74. Alizaliwa Malindi, nyuma ya msikiti wa mnara, akaolewa Pemba akiwa na miaka 18, na tangu hapo Unguja kwake imekuwa mahali pa kupita. Anashuka boti, anakuja kwangu Fuoni kwa harusi au msiba, anarudi. Safari hii anakwenda Dar kwa kaka yangu kutibiwa macho. Jicho la kushoto halioni tena, na la kulia linaingia ukungu. Kabla ya kuondoka aliniomba jambo moja tu: akae kidogo kwenye baraza ya nyumba yao, wakati mlango wa nyumba ile bado anauona.

Maneno hayo hayo nilimwambia mfanyakazi wenu wa kaunta. Alinisikiliza vizuri, Mungu ambariki, akachukua kalamu nyekundu akaandika pembeni mwa karatasi: "Malindi, bibi akae." Mwandiko wake upo mpaka leo.

Labda mtauliza kwa nini sikumpeleka mama mwenyewe. Nisingeshindwa. Daladala zipo, Darajani naijua, mji ule nimesoma skuli ndani yake. Lakini mama ana goti bovu, tulikuwa na mabegi mawili na kikapu, na gari sina. Niliona bora nilipe ili siku ile mawazo yangu yote yawe kwa mama, nisianze kuhangaika na mizigo na saa. Hicho ndicho mlichoniuzia, kutohangaika.

Gari lilifika saa 6 kasoro robo. Nilikuwa nimeshapiga simu ofisini mara tatu, na mara zote tatu nikajibiwa kuwa dereva yuko Mwanakwerekwe anaingia. Alipofika akasema mwenyewe kwamba alipangiwa kwanza kuwachukua wageni Nungwi. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya kisiwa, ni mwendo wa saa nzima kuja mjini, na Fuoni ni upande mwingine kabisa. Mtu aliyepanga gari moja kufanya safari hizo mbili asubuhi moja alijua fika kwamba sisi tutasubiri. Mama alikuwa amekaa barazani tangu saa 3 na nusu, buibui mwilini, kikapu miguuni.

Hata hivyo kuchelewa ningekumeza. Ninaloshindwa kulimeza ni njia mliyotupitisha, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu kosa hili mtalirudia kwa abiria mwingine msipolirekebisha.

Bandari iko Malindi, kaskazini mwa Mji Mkongwe. Anayewatembeza abiria wa boti, akili ya kawaida inamwambia aanzie mbali na bandari, amalizie jirani nayo. Angeanzia Mkunazini na soko la Darajani, akate vichochoro vya Hurumzi ambavyo mchana vina kivuli, atokee Forodhani, kisha ashike njia ya Mizingani ufukweni: Beit el Ajaib, kasri, ule mti mkubwa, ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan yenye roshani za mbao zilizochongwa. Hapo Malindi umeshaifikia, na geti la bandari liko pale pale. Hata mkichelewa, mzee anamalizia kwa miguu. Gari hulihitaji.

Nyinyi mlifanya kinyume. Mlitushusha Forodhani saa 7 mchana jua la utosi, mkatupitisha kuelekea Mkunazini, mkamalizia Darajani. Mizingani hatukuikanyaga. Zahanati ile jiwe lake la msingi liliwekwa 1887, na mama utotoni ndiko alikokuwa akipelekwa kupewa dawa. Njiani kutoka Fuoni alikuwa anamsimulia mjukuu wake habari za ngazi zake. Mtoto hakuziona hizo roshani hata kwa mbali.

Kijana aliyetutembeza simlaumu sana, maana simu yake ilikuwa inaita kila baada ya dakika chache na kila akiipokea anazidisha mwendo. Ila mfundisheni. Alimwambia binti yangu kwamba Ngome Kongwe ilijengwa na Wareno. Mama akamsahihisha kwa upole: Wareno walikuwa na kanisa lao pale, ngome wameijenga Waomani baada ya kuwafukuza. Kuhusu Beit el Ajaib alisema imefungwa kwa kupakwa rangi. Jumba lile la Sultani Barghash la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na nchi nzima ililia. Hilo mtu haambiwi kuwa ni rangi, na mtoto wa Zanzibar ana haki ya kuambiwa ukweli wa kwao.

Mkunazini tulikaa dakika 7. Nilitazama saa. Mahali palipokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, dakika 7. Binti yangu aliinama juu ya lile shimo kutazama masanamu ya watumwa waliofungwa minyororo shingoni, akaanza kuuliza minyororo ile ni ya kweli au ya kuigiza, na kijana akasema, "Twende, twende, gari linasubiri." Mama alikuwa bado hata hajafika pale kwa goti lake. Alikuwa ameshika ukuta, anavuta pumzi.

Saa 8 na nusu tukaingia kwenye gari Darajani. Jumamosi, Darajani, saa hiyo! Mtu yeyote wa mji huu angewaambia. Magari hayasogei, mikokoteni katikati ya barabara, watu wanavuka na vikapu. Tukapewa chakula chetu kwenye mifuko. Mama hakula. Alimgusa dereva begani akamuuliza, "Mwanangu, Malindi tutafika saa ngapi?"

Dereva akajibu, "Bandari si ndiyo Malindi, bibi. Tunakwenda huko huko."

Mama alinyamaza. Akavuta ushungi wake mbele, akageukia dirishani, na mpaka tunafika hakusema neno jingine. Ndugu Meneja, mimi ni mtu mzima na nina watoto, lakini nilikaa nyuma ya lile gari nikashindwa kumtazama mama yangu.

Dereva wenu hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo. Hakuna aliyempa ile karatasi yenye wino mwekundu. Kaunta waliandika, ikabaki kaunta.

Tulishushwa barabarani, hata getini hatukufikishwa, saa 9 na dakika 35. Mizigo haikuwepo. Nilipopiga simu nikaambiwa mabegi yetu yamepakiwa kimakosa kwenye gari jingine lililopeleka wageni uwanja wa ndege. Abiria walikuwa wameshaanza kupanda. Ikabidi nichague kwa dakika moja: mama aipoteze tiketi na miadi ya daktari ya Jumatatu, au apande kama alivyo. Akapanda na mkoba wa mkononi tu, wenye kitambulisho, tiketi na tasbihi. Hamali mmoja wa pale getini, asiyetujua wala kudai senti, alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye ngazi ya boti.

Kuna jambo ambalo huenda mtu wa ofisini hafikirii. Sisi wenye watu Pemba, tangu Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander I, meli iliyokuwa ikielekea huko Pemba, hatupandi chombo kwa papara. Mama ana taratibu zake. Anafika mapema, anakaa, anatazama maboya yako wapi, anasoma dua zake, ndipo roho inatulia. Jumamosi alipandishwa akihema, kijasho usoni, hajui hata kiti chake kiko wapi. Kaka aliyempokea Dar aliniambia mikono ilikuwa bado inamtetemeka.

Ndani ya kikapu mlichokipeleka uwanja wa ndege kulikuwa na dawa zake za presha na dawa za kutia machoni. Usiku ule alilala bila hizo za machoni. Za presha kaka alihangaika na maduka ya dawa mpaka saa 4 usiku ndipo akazipata. Kulikuwa pia na halua aliyotoka nayo Pemba kwa ajili ya wajukuu. Nilipokifuata kikapu ofisini kwenu Jumapili nilikikuta sakafuni, halua imepasuka, mafuta yameingia kwenye kanga zake. Nililipa teksi shilingi 20,000 kwenda na kurudi, na 10,000 kuvituma vitu kwa boti. Aliyekuwepo ofisini alinikabidhi bila hata kusema pole.

Madai yangu ni haya. Nirudishieni shilingi 140,000 kati ya zile 210,000. Sidai zote, kwa sababu gari hatimaye lilikuja na mahali pawili patatu tulipaona. Juu yake muongeze zile 30,000 za teksi na kutuma mizigo. Jumla ni 170,000, na nazihitaji kabla ya Ijumaa ijayo.

Pili, mtu mwenye madaraka ofisini kwenu ampigie simu mama amtake radhi yeye mwenyewe. Asitake radhi kwangu. Mimi nilipoteza fedha, yeye alipoteza siku.

Tatu, badilisheni njia yenu. Abiria wa boti waanzie Mkunazini wamalizie Malindi, mizigo yao isipande gari la watu wengine, na kinachoandikwa kaunta kiwe mkononi mwa dereva na mtembezaji kabla gari halijaondoka. Nataka mnijibu kwa maandishi kwamba mmelifanya hilo, kwa sababu kuna wazee wengi wa mji huu waliotawanyika Pemba, Dar na Maskati ambao hurudi mara moja kutazama kwao, na watakuja kwenu wakiamini karatasi kama nilivyoiamini mimi.

Msinipe matembezi ya bure kama fidia. Mama atapita tena Unguja mwezi ujao akirudi Pemba, inshallah. Nitamsubiri getini mwenyewe na binti yangu. Jumamosi, boti ilipokwisha ondoka, mimi na mtoto tulikwenda kwa miguu kuitafuta ile nyumba, tukaikuta, baraza bado ipo na mlango bado una misumari yake ya shaba. Kutoka getini ilituchukua dakika 4.

Nambari ya simu ya mama mnayo. Iko juu ya nakala yenu ya ile karatasi, upande wa kulia, karibu na wino mwekundu.

Wasalaam,

Mteja wenu, Fuoni

Viambatisho: nakala ya risiti ya shilingi 210,000, nakala ya karatasi ya ratiba, risiti ya kutuma mizigo, picha mbili za kikapu.