Madagaska haikuangushwa na mizinga pekee

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ufalme wa Madagaska imeanzia tarehe 30 Septemba 1895, mizinga ya Jenerali Duchesne wa Ufaransa ilipoipiga Rova, kasri ya kifalme ya Antananarivo, hadi bendera nyeupe ikapandishwa. Tarehe ni sahihi. Lakini msomaji anabaki akidhani Malkia Ranavalona III alishindwa mchana mmoja, na suala la fedha halikuguswa kabisa.

Ugomvi uliozaa vita vya 1883 kati ya Ufaransa na Madagaska ulihusu, pamoja na mengine, ardhi. Ufaransa ilidai mali ya warithi wa Jean Laborde, fundi Mfaransa aliyefariki 1878, ilhali kifungu cha 85 cha sheria za ufalme za 1881 kilikataza kumuuzia mgeni ardhi. Bandari za Mahajanga na Toamasina zikapigwa kutoka baharini. Mkataba wa 17 Desemba 1885 ukamaliza vita na kukaza kitanzi: Ufaransa isimamie mambo ya nje ya ufalme, ikalie bandari ya Antsiranana, na ilipwe fidia ya faranga milioni 10. Waziri Mkuu Rainilaiarivony hakuwa mjinga. Alidai barua ya ufafanuzi ya kubana maana ya vifungu hivyo, akaandikiwa Januari 1886. Serikali ya Paris ikaikana.

Hazina haikuwa na milioni 10. Serikali ikakopa milioni 15 kutoka Comptoir d'Escompte, benki ya Paris. Milioni 10 zikaishia kwa Ufaransa yenyewe kama fidia, ufalme ukabakiwa na 5. Rehani ilikuwa ushuru wa forodha wa bandari sita, Toamasina ikiwemo, na mawakala wa benki wakakaa hukohuko kusimamia makusanyo. Forodha ndiyo iliyokuwa ikiiingizia serikali fedha taslimu. Ilipobanwa, fanompoana, yaani kazi ya lazima isiyo na ujira, ikazidishwa, hadi kwenye machimbo ya dhahabu, na watu wakatoroka vijiji. Askari walikuwa hawalipwi, na maofisa walijipatia riziki kwa kuuza ruhusa za kutokwenda jeshini. Jeshi la namna hiyo ndilo lililotumwa kumzuia Duchesne.

Kwa wasomaji wa Unguja kuna jambo la karibu zaidi. Tarehe 5 Agosti 1890 Uingereza iliitambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagaska, na Ufaransa ikaitambua ya Uingereza juu ya Zanzibar. Mezani hapakuwa na Mmalagasi wala Mzanzibari.

Wala Wafaransa hawakupita kirahisi. Walioteremshwa Mahajanga walikuwa askari kama 15,000, pamoja na maelfu ya mikokoteni ya chuma ya magurudumu mawili, ya kukokotwa na baghala. Mikokoteni ile haiendi pasipo barabara, na barabara haikuwepo. Basi askari wakashikishwa sururu na makoleo kandokando ya mto Betsiboka, wakichimbua udongo wa vinamasi vilivyojaa mbu. Waliouawa kwa risasi ni kama 25 tu. Maradhi, hasa malaria, yaliondoka na zaidi ya 5,000. Mwishowe Duchesne akaachana na barabara. Tarehe 14 Septemba alitoka Andriba na kikosi chepesi cha watu kama 4,000, vyakula vikiwa migongoni mwa baghala, akaufikia mji mkuu baada ya siku 16. Kikosi kilichochoka vile, kwa maoni yangu, kilizuilika milimani na jeshi lolote lililolipwa mshahara.

Kosa jingine la makala ni kumhamisha Malkia mwaka 1895. Mkataba wa 1 Oktoba mwaka huo ulimwacha kitini. Nchi ilifanywa koloni kwa sheria ya 6 Agosti 1896, uasi wa Menalamba dhidi ya Wafaransa ukiwa umepamba moto, na ni Jenerali Gallieni, mtawala Mfaransa, aliyemwondoa Malkia Februari 1897, akapelekwa Réunion, kisha Algiers. Aliyetangulia kupelekwa Algiers, mwanzoni mwa 1896, ni Rainilaiarivony, na alifia hukohuko mwaka uleule.

Msomaji wenu,
Unguja