Aiskrimu ya haki itutajie vanila imetoka wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaoishi Uingereza hukutana nalo kila kiangazi, yaani aiskrimu inayouzwa kwenye matamasha kwa bango la kutangaza kwamba malighafi yake imenunuliwa kwa haki. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, niliyekulia katika kibanja chenye kahawa, migomba na vanila, na kwa Jumamosi mbili za Julai iliyopita nilisimama ndani ya kibanda cha namna hiyo karibu na Bristol, nikimsaidia rafiki aliyeajiriwa hapo.

Bango letu lilivutia. Lilikuwa na alama ya biashara ya haki (Fairtrade), picha ya mikono myeusi iliyoshika maganda makavu ya vanila, na maneno ya kumhakikishia mnunuzi kwamba kila koni inamjali mkulima. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu wawili aliniuliza mikono ile ni ya nani na anaishi nchi gani. Niligeuza kopo nikasoma lebo nzima. Maziwa yalitajwa mpaka jimbo la ng'ombe wenyewe, lakini vanila haikutajiwa hata nchi. Nikamjibu kwamba huenda ni Madagascar, kwa kuwa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya vanila ya dunia. Alishukuru, akanunua koni tatu kwa pauni 12, akaenda zake, nami nikabaki na aibu ya mtu aliyetangaza asichokijua.

Kazi iliyomo katika ganda lile ninaijua. Ua la vanila hufunguka asubuhi, na kufikia alasiri ya siku hiyo hiyo limenyauka. Kwetu mkoani Kagera, mbali na Mexico ulikotoka mmea huu, hakuna mdudu wa kutegemewa kulichavusha, kwa hiyo kila ua huchavushwa kwa mkono, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion. Nyanya yangu alitumia mwiba wa mchungwa. Msimu wa maua alikuwa akitoka kukicha kwenda kuyapitia marando yaliyotambaa juu ya mibono, na hakupenda kusalimiwa njiani, kwa sababu salamu za Kihaya ni ndefu na maua hayamsubiri mtu. Baada ya hapo ganda hukaa karibu miezi 9 ndipo likomae, kisha hutumbukizwa katika maji ya moto, hufunikwa kwa blanketi litoe jasho, huanikwa na kutunzwa kwa miezi mingine kadhaa, na kilo 5 au 6 za mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu. Muda wote huo wezi wanavizia. Wapo wakulima wanaolala shambani, na wapo wanaotoboa alama zao kwenye ganda likiwa bado mtini.

Bei nayo haitabiriki. Baada ya kimbunga Enawo kuipiga Madagascar mwezi Machi 2017, kilo moja ilifika dola 600 na zaidi. Mwaka 2020 serikali ya huko ilikataza vanila kuuzwa nje kwa bei iliyo chini ya dola 250 kwa kilo, ikaondoa sharti hilo mwaka 2023, na bei ikaporomoka. Jirani zetu wa Uganda wanakumbuka mwaka 2003, watu walipopanda kwa pupa kwa kuvutwa na bei, na jinsi muda mfupi baadaye baadhi yao walivyong'oa marando kwa hasira.

Sasa tazama upande wa kibanda. Nyumbani kwangu hutia ganda moja, lenye uzito wa gramu 4 hivi, katika lita moja ya aiskrimu, na lita hiyo hutoa koni 10. Hata kwa bei ya dola 250 kwa kilo, ganda hilo ni dola moja, yaani senti 10 kwa koni moja, wakati koni inauzwa pauni 4. Mwenye kibanda anayedai kwamba kumlipa mkulima vizuri kutamfukuzia wateja hajaipiga hesabu hii, au ameipiga akaona ni heri kunyamaza.

Sisemi kwamba alama ya biashara ya haki ni hadaa. Chama kikuu cha ushirika cha Kagera, KCU, kimeuza kahawa kwa mfumo huo kwa miaka mingi, na fedha ya nyongeza inayolipwa juu ya bei ilisaidia kununua hisa katika kiwanda cha kahawa cha TANICA, jambo ambalo kila mtu wa Bukoba analiona kwa macho. Tena magari mengi ya aiskrimu hapa huuza kitu kilichoandikwa "ladha ya vanila", ambacho kisheria kinaweza kisiwe na hata chembe ya vanila, kwa hiyo anayenunua vanila halisi ameshawazidi wengi. Ninachokataa ni picha ya mikono isiyo na mwenyewe. Bango lenye nafasi ya picha lina nafasi ya jina la wilaya, la chama kilichouza, na la bei aliyolipwa mkulima kwa kilo mbichi msimu huo.

Kwa Watanzania wanaopika na kuuza chakula kwenye matamasha haya, na ni wengi kuliko tunavyodhani, hapa pana kazi ambayo hatuhitaji kumsubiri mtu atuanzishie. Tunajua vibanja ni vya nani, na tunaweza kumpigia simu mkulima tukiwa kibandani. Vyama vya msingi vya Kagera navyo vikubali kuuza kilo chache zilizokaushwa vizuri badala ya kungoja mnunuzi wa makontena, na vitume sampuli mapema, kwa sababu waandaaji wengi hugawa nafasi za vibanda tangu majira ya baridi, na ikifika Mei mwenye kibanda ameshaagiza kila kitu.

Mwana Kagera,
Bristol, Uingereza