Barua ya wazi kwa mdogo wangu: usimlazimishe binti yako kumpenda dada yake kila saa

Mpendwa mdogo wangu,

Uliponieleza kwamba binti yako mkubwa ametamka wazi kuwa hampendi mdogo wake, nilisikia hofu katika sauti yako, kana kwamba upendo wa watoto wako umekwisha kabla haujakomaa. Ukamtaka aombe radhi na aseme papo hapo kwamba anampenda. Nakusihi usimlazimishe tena. Kaa naye, msome pamoja riwaya ya watoto iitwayo Beezus and Ramona, ambayo mwandishi Mmarekani Beverly Cleary aliichapisha mwaka 1955.

Beezus ana miaka 9 na mdogo wake Ramona ana miaka 4. Ramona huchorachora kila ukurasa wa kitabu alichoazimiwa maktaba, na siku nyingine hujificha na boksi la matufaha, akaling'ata kila moja mara moja tu na kuliacha, kwa sababu anaamini kwamba utamu wote uko katika kung'ata kwa mara ya kwanza. Msomaji mtoto atacheka, na ni haki yake, lakini nakuomba umtazame yule mkubwa anayesimama kando. Beezus ndiye anayetarajiwa kuvumilia, kuelewa na kumchunga mwenzake, kwa kuwa tu alitangulia kuzaliwa. Isitoshe, anamwonea wivu. Katika darasa la uchoraji anahangaika kubuni mnyama asiyekuwepo duniani, ilhali mdogo wake huishi na mambo ya kubuni tangu asubuhi hadi jioni bila jitihada yoyote. Wivu wa namna hii ni mgumu kuukiri, maana hakuna kosa lililotendwa ambalo mtoto anaweza kulilalamikia.

Yote hayo yanafikia kilele siku Beezus anapotimiza miaka 10, ambapo Ramona anaharibu keki ya sherehe, na inapookwa ya pili anaiharibu nayo kwa kumtia mwanasesere wake wa mpira ndani ya jiko. Hata hivyo, kinachomtesa Beezus zaidi ya keki ni lile wazo kwamba kuna nyakati hampendi kabisa dada yake, wakati mama yake na mama yake mdogo, Beatrice, wanapendana sana, naye ameaminishwa kwamba ndugu wote wanapaswa kuwa hivyo. Anapolisema mezani, hakemewi. Mama anamwambia kwamba hakuna sababu ya yeye kumpenda Ramona kila wakati, kisha yeye na Beatrice wanaanza kukumbushana jinsi walivyogombana utotoni, huku wakicheka hadi watoto wanashangaa.

Naona hapo ndipo mwandishi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa pekee, alipowaelewa ndugu kuliko wengi wetu tuliolelewa katika kundi. Beezus hapewi ahadi kwamba Ramona atabadilika, wala Ramona habadiliki. Anachopewa ni ushahidi wa watu wazima wawili kwamba hasira ya leo haifuti undugu, na ushahidi huo una uzito kwa sababu wenye kuutoa wako mbele yake, wanapendana, na hawafichi walichotendeana. Mtoto anayelazimishwa kusema "nakupenda" akiwa bado na machozi hujifunza kuificha hasira, na hasira iliyofichwa huzeeka pamoja na mwenyewe.

Kwa hiyo mkifika kwenye sura hiyo ya mwisho, usiipite haraka, na usimwulize amejifunza nini. Mweleze habari zetu: jinsi ulipozaliwa nilivyohisi kwamba nimenyang'anywa mama, na jinsi nilivyokuwa nikinuna kila uliposifiwa mbele yangu. Hayo unayajua, na sina haya yakisimuliwa. Akitaka kujua ni lini nilianza kukupenda, mwambie anipigie simu aniulize mwenyewe.

Ni mimi, dada yako