Barbara Jordan akumbukwe pia kwa kazi ya jimboni

Mhariri,

Barbara Jordan, mwanasiasa mweusi wa Marekani, hukumbukwa zaidi kwa hotuba ya Julai 1974, alipoitetea Katiba ya Marekani katika kamati ya Bunge la Marekani iliyojadili kumshtaki Rais Nixon. Naomba nafasi nieleze yaliyotangulia, ambayo kwangu yana uzito zaidi. Binti huyu wa mhubiri wa Kibaptisti alihitimu sheria Boston mwaka 1959, kisha akarejea Houston na kuanza uwakili kwenye meza ya chakula ya wazazi wake, nyaraka za wateja zikiwa zimetandazwa pale familia ilipokuwa ikila. Aligombea ubunge wa jimbo la Texas mwaka 1962 na 1964, akashindwa mara zote mbili, hadi mwaka 1966 alipochaguliwa kuwa seneta wa jimbo hilo, mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti ya Texas tangu 1883, akiwa mwanamke peke yake kati ya wanaume weupe 30.

Humo alisaidia kupitisha sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara jimboni, na mwaka 1972 maseneta haohao wakamchagua kuwa rais wa muda wa Seneti yao, yaani anayeiongoza mkuu wake asipokuwepo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam