Risala ya Wahudumu wa Afya ya Jamii wa Mathare kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, chifu wetu, muuguzi msimamizi wa zahanati, wazee wa nyumba kumi, viongozi wa dini, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama, mama yetu, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuketi nasi chini ya hema hili katika jua la saa nane. Karibu sana Mathare.

Kikundi chetu kilianza 2007, mwaka mmoja baada ya serikali kuzindua mkakati wa afya ya jamii, tukiwa wanawake saba na daftari moja. Leo tuko 30, na kila mmoja anatembelea kaya zipatazo 100. Hakuna kichochoro cha upande huu wa mto kisichotujua. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, tuligawa dawa ya kutibu maji nyumba hadi nyumba matope yakitufika magotini, na tunaamini bila sisi kipindupindu kingeutawala mtaa. Mtaro wa nyuma ya soko tumeuzibua mara nne. Kwaya yetu imeimba katika kila sikukuu ya taifa iliyoadhimishwa kwa chifu.

Septemba 2023 serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini, nasi tulipata mabegi yetu: mashine ya presha, mashine ya sukari, kipimajoto, mizani, na tepu ya kupima mzunguko wa mkono wa mtoto ili kutambua utapiamlo. Tunashukuru.

Mheshimiwa, ombi letu leo ni moja, nalo ni mafunzo.

Si kwamba hatujawahi kufunzwa. Mfadhili mmoja alitupeleka hotelini nje ya Nairobi kwa siku tano. Tulilala vizuri, tulikula vizuri, na mkufunzi aliijua kazi yake. Gharama yote ilikuwa shilingi 900,000, na ripoti iliandika kwamba kila mhudumu amefunzwa kwa shilingi 30,000. Zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikwenda kwa vyumba, basi na posho. Ufuatiliaji baada ya kurudi nyumbani haukutengewa hata senti.

Mwaka mmoja baadaye tulikaa na mweka hazina tukapiga hesabu upya. Kati ya wale 30, walibaki kazini 17. Wengine walihama mtaa, wengine walipata vibarua vya kulisha watoto, na hatuwezi kuwalaumu. Ukigawa fedha zilezile kwa waliobaki, kila mmoja ni karibu shilingi 53,000. Kisha tulimwomba muuguzi atukague mmoja mmoja tukipima presha na mkono wa mtoto. Waliofanya sawasawa walikuwa tisa. Hapo gharama ya mhudumu mmoja anayeweza kazi ni shilingi 100,000. Ripoti ilihesabu waliohudhuria. Mama mwenye mtoto mgonjwa anamhitaji anayejua.

Na kutojua kuna bei yake. Tepu ile inasema mzunguko wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na kuanzia hapo hadi 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa wastani; kijani ni salama. Mwenzetu mmoja, miezi mingi baada ya mafunzo, aliilegeza tepu na kuipandisha karibu na bega. Ikasoma kijani. Wiki mbili baadaye mtoto yule alilazwa kwa utapiamlo. Amepona, tunamshukuru Mungu, lakini dada yetu hajajisamehe hadi leo. Nafasi 13 zilizoachwa wazi zimeshikwa na wapya ambao hawajafunzwa hata siku moja, na mabegi wanayabeba.

Tunachoomba kipo karibu. Jumamosi moja kila mwezi, alasiri, zahanati ikishafunga, muuguzi atusimamie tukipimana hadi kila mkono uzoee. Nauli na chakula ni shilingi 500 kwa kila mtu, yaani 15,000. Posho ya muuguzi 3,000. Betri na karatasi 2,000. Jumla ni 20,000 kwa mwezi. Zile fedha za siku tano hotelini zingetufunza miaka mitatu na miezi tisa.

Hatufichi gharama zisizo na risiti. Anayefua nguo za watu atapoteza kibarua cha nusu siku, na muuguzi atakosa mapumziko yake. Tumezijadili, na wote wamekubali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 nao unapendekeza wahudumu kama sisi wafunzwe karibu na wanakoishi, darasa na mazoezi yakienda pamoja. Hata hivyo, bei nafuu peke yake haitoshi. Kwa hiyo tunaomba tupimwe kabla ya kuanza, tupimwe tena baada ya miezi sita kwa orodha ileile, na kama hatujasonga mbele ofisi yako isimamishe fedha.

Mheshimiwa, tunasema haya kwa heshima kubwa. Mgeni aliyeketi kwenye kiti hicho mwaka wa 2022 alituahidi mafunzo rejea kila baada ya miezi mitatu. Tulipiga makofi, akina mama wakamvika leso. Tuliandika barua tatu, na nakala zake zimo kwenye faili lililo mbele yako. Aliyemfuata alisema atalitazama jambo hili, na tunaamini bado analitazama. Wewe hujatuahidi lolote, na hatuombi ahadi. Tunaomba tarehe ya Jumamosi ya kwanza na jina la afisa tutakayempigia simu.

Tumeandaa ukurasa mmoja wenye nafasi za mambo hayo mawili na sahihi yako. Mweka hazina ameketi safu ya mbele, mwenye leso ya manjano, na kalamu anayo.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wako katika kazi,
Wahudumu wa Afya ya Jamii, Mathare, Nairobi