Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Ugiriki: Kigae na Maandishi Yake Visitenganishwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa msomaji wa historia ya kale, kuhusu namna vitu vinavyofukuliwa nchini mwako vinavyoorodheshwa. Ombi langu ni kwamba kila kitu chenye maandishi kiwe na kumbukumbu moja inayotaja kwa pamoja maneno yake, chombo au jiwe lililoyabeba, na mahali hasa kilipopatikana ardhini.

Mwaka 1937 mwanaakiolojia Oscar Broneer alifukua kisima kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli, kilima cha kale cha Athens, akakuta vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, takriban 190 vilivyokwaruzwa jina la Themistokles, mwanasiasa wa Athens ya kale, kwa ajili ya kura ambayo raia waliandika kigaeni jina la mtu waliyetaka afukuzwe nchini kwa miaka kumi. Anayesoma maneno peke yake ataona jina lilelile likijirudia, na atadhani amekuta sauti za raia 190. Broneer alichunguza pia miandiko, akatambua mikono ya waandishi 14 tu. Vigae vingi vilikuwa vitako vya vikombe vya kunywea divai. Tena vyote vilitupwa pamoja. Ndipo ilipodhihirika kwamba watu wachache walivitayarisha mapema ili wawagawie wapiga kura, na yaelekea hivyo vya kisimani havikutumika kamwe. Laiti jina lingepelekwa kwa mtaalamu wa maandishi na kitako kwa mtaalamu wa vyungu, ushahidi huo mzito kuhusu siasa za Athens ungepotea mikononi mwetu.

Utengano huo ni wa zamani. Akademia ya Berlin ilianza kukusanya maandishi ya Kigiriki mwaka 1815 chini ya August Böckh, na mfululizo wa Corpus Vasorum Antiquorum (Mkusanyo wa Vyombo vya Kale), ulioanzishwa na Edmond Pottier, ukaanza kutoa majalada ya vyombo mwaka 1922, ukivipanga kwa makumbusho yanayovihifadhi. Nazithamini sana kazi hizo, ila chombo kilichopangwa kwa makumbusho yake hakitusimulii vya kutosha kuhusu kaburi au kisima kilimotoka.

Mfano mwema uko Athens kwenyewe. Katika Agora, uwanja wa soko na mikutano wa kale, inayofukuliwa na Wamarekani tangu 1931, kila kitu hupewa namba iliyofungamanishwa na ukurasa wa daftari la mfukuaji, na vigae vya kura huorodheshwa pamoja na vyungu vingine. Madaftari hayo na picha za vitu leo husomeka bure kwenye intaneti, hata na sisi tulio mbali.

Kwa kuwa vibali vya kufukua hutolewa na wizara yako, naomba kila kibali kiwe na sharti la kumbukumbu ya namna hiyo, hata kwa kigae kisicho na rangi chenye herufi moja tu. Kwa mawe, pamoja na picha, ihifadhiwe chapa inayopatikana kwa kugongea karatasi nyevu juu ya herufi kwa brashi, maana mara nyingi huonyesha mikwaruzo hafifu ambayo picha huificha.

Naomba kuwasilisha.

Msomaji wa historia ya kale